Sale la Aliyekosewa

Katekista wetu hakujua kuimba, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia. Jumapili ambazo padre alikuwa kigango kingine, yeye ndiye aliyeongoza ibada, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alianzia juu, juu kabisa, pale ambapo hata akina mama wa kwaya hufika kwa kupanda polepole. Tukifika kwenye kiitikio kanisa zima limekabwa koo. Wazee wanakohoa, watoto wanacheka, na yeye yuko mbele amefumba macho, anaendelea peke yake, mishipa ya shingo imemtoka. Ukimwangalia usoni ungedhani hakuna anayeimba vizuri kumshinda katika Kilema yote.

Naanza na hilo makusudi. Mtu akishazikwa, watu huanza kumpaka mafuta mpaka anateleza, huwezi tena kumshika. Mimi huyu nimemjua tangu meno ya utoto hayajaning'oka mpaka nimekuwa mwanamke wa makamo mwenye cherehani yangu pale mjini Moshi, na sitaki aniteleze. Alikuwa mkali. Alikuwa mbishi. Alipenda mbege, pombe yetu ya ndizi, kuliko inavyompasa mtu anayefundisha amri za Mungu. Na alikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijaielewa, ingawa nilikuwepo siku ilipomwingia.

Kitu kimoja alikitaka sana duniani: kaka yake mkubwa apokee sale lake. Hicho ndicho alichokihangaikia mpaka mwisho, na wote tuliompenda tulikuwa tunamtazama tu, hatuna la kufanya.

Asiye wa kwetu nimweleze. Masale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Sale ndilo linalosema hapa kwangu, pale kwako. Na sale hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, unakata jani kihambani kwako, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaliona hana ujanja. Anaweza kununa, anaweza kulia, hata kama umemuulia mtoto, lakini atalipokea. Sale halikataliwi. Anayelikataa, mkosi unahamia kwake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na kanisa lilipofika lilitukuta hivyo.

Mafundisho ya komunyo ya kwanza tuliyapata nyumbani kwake, siku za Jumamosi. Wazazi wetu walidhani tumekaa kwenye mabenchi na katekisimu mikononi. Wapi! Tulikuwa tunachuma kahawa yake. Yeye anazunguka huku na huku kati ya miche, mikono nyuma, anauliza kwa sauti: "Amri ya tano?" Nasi tunajibu kutoka ndani ya majani: "Usiue!" Basi anakuja mpaka kwenye kikapu chako, anachambua, anatoa punje ya kijani. "Na hii mbichi uliyochuma, hukuiua?" Ukileta mdomo, unapata kofi la kisogoni. Mungu wake wa siku zile alifanana naye kabisa: aliona kila punje mbichi, na hakusahau. Nilikuwa naota moto wa milele, na katika huo moto Katekista amesimama pembeni mikono nyuma, anakagua.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Somo lilikuwa kitubio, yaani kuungama dhambi. Tulikuwa tumemaliza kuchuma, tumekaa kwenye magunia karibu na mashine ya kumenyea kahawa, yeye anazungusha mpini huku anafundisha.

"Sisi wanadamu tumemkosea Mungu," alisema. "Sasa utamwendeaje uliyemkosea? Mikono mitupu? Unakwenda na sale. Na sale letu ni Yesu Kristo. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Wote walielewa isipokuwa mimi. Nilikuwa na mdomo tangu utoto, mama yangu alisema nilizaliwa nikiuliza. "Mwalimu," nikasema, "hilo sale lilikatwa kihambani kwa nani?"

"Unasemaje wewe?"

"Si mkosaji anakata kwake? Sasa Yesu si wa kihambani kwetu. Ametoka kwa Mungu. Mbona lilikatwa kule?"

Wenzangu wakaanza kucheka. Ningenyamaza hapo ingekuwa heri, lakini nikaongeza: "Au Mungu ndiye aliyetukosea sisi?"

Nikafumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nikafumbua jicho moja. Katekista amesimama na mpini mkononi, mashine imenyamaza, mdomo wake uko wazi.

"Lilikatwa kwake," akasema taratibu, kama anayejisomea mwenyewe. "Kweli. Lilikatwa kwake. Aliyekosewa ndiye aliyelikata. Aliyekosewa ndiye aliyelileta." Akakaa chini, si kwenye gunia, chini kabisa, kwenye maganda ya kahawa yanayotiririka maji. Akaanza kucheka. Tukacheka naye, kisha tukaona machozi yanamtoka na kicheko hakikomi, tukaogopa. "Nendeni nyumbani," akasema. "Leo hakuna mafundisho tena. Nendeni tu, wanangu."

Wanangu! Hakuwa amewahi kutuita hivyo. Tulitimua mbio kama tumemuua.

Jioni ile mama alirudi kutoka kuchota maji amekunja uso. "Mmemfanya nini Katekista?" Kumbe Katekista alipita njia nzima ya mferejini akimshika kila mtu bega: "Amelileta mwenyewe! Unasikia? Hatukulipeleka sisi, amelileta mwenyewe!" Watu wakasema leo mbege imemzidi. Alifika mpaka kwa padre akamweleza, na padre akamsikiliza kwa upole, akamwambia, "Lakini Katekista, hilo ndilo tunalohubiri miaka yote." Naye akajibu, "Basi Baba, mlikuwa mnahubiri kwa sauti ndogo."

Tangu siku hiyo moto ukapungua katika mafundisho yake. Punje mbichi hakuzisamehe, hilo nisimsingizie. Kofi pia halikuisha mara moja. Ila kulikuwa na kitu kipya. Yuko shambani anapalilia, ghafla anasimamisha jembe, anaanza kucheka peke yake. Au tuko msibani kwa watu, kimya, yeye macho yanamng'aa mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Mke wake alishazoea. Wageni wakishtuka, anawaambia, "Msijali. Amekumbuka tena." Maana kwake haikuwa habari ya zamani. Ilimfikia upya kila siku, kama mtu anayeletewa barua ileile na kila mara anaifungua kwa pupa.

Na alinitaja mimi. Hapo ndipo penye shida yangu. "Huyu ndiye aliyenifungulia mlango," aliwaambia watu, nikiwa binti, nikiwa mchumba, nikiwa mama wa watoto. Nikija likizo ananiletea mkungu wa ndizi begani mwenyewe. Mlango niliufungua mimi, akaingia yeye, nami nikabaki nje nimeshika kitasa. Lile lilikuwa swali la mtoto mjuaji. Sikuwa nimeona kitu.

Mama yangu alipofariki, nilipanda kwenda kwake nikiwa nimevimba macho. Sikutaka pole. Nilimwambia, "Mwalimu, nipe hiyo furaha. Nataka na mimi."

Akaniangalia, uso ukamwanguka. "Ningekuwa nayo mfukoni," alisema, "ningekupa yote nibaki bila."

"Basi niambie ilivyo."

Alihangaika. Alisema ni kama umetoka mbali, mvua imekunyeshea, unajua umechelewa na mlango utakuwa umefungwa, unasukuma, kumbe uko wazi na uji uko motoni. Akatikisa kichwa. "Hapana. Siyo hivyo. Sijui, binti yangu, sijui niseme vipi." Akalia yeye kuliko mimi niliyefiwa. Nikaishia kumbembeleza mwenye furaha. Nilirudi mjini nikajaribu kusali vile alivyosali yeye, nikaona nazungumza na pazia la dirisha. Naendelea kwenda kanisani, kadi yangu ya zaka iko safi, jumuiya sikosi. Lakini moyo umekaa tu, haupandi wala haushuki, na sijui mahali pa kuusukuma.

Sasa habari ya kaka yake. Walipakana, masale ya babu yao katikati. Masika fulani yule kaka akayang'oa, akayapanda upya ndani zaidi, ndani ya kihamba cha Katekista, akachukua kipande chenye miche mizuri ya kahawa. Mke wa Katekista aliona kwa macho yake. Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kukaa, na kila mtu alijua Katekista angeshinda, maana mashimo ya masale ya zamani yalikuwa bado yanaonekana.

Kabla wazee hawajakaa, mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, wakati watu wote wamerudi nyumbani kutoka Dar na Arusha na wako barabarani, Katekista akakata sale. Akalifunga fundo. Akatembea nalo mkononi mpaka getini kwa kaka yake.

Jamani! Kwetu anayebeba sale ndiye mkosaji. Hakuna maelezo mengine. Watu waliomwona wakasema, kumbe! Kumbe ndiye mwizi wa mpaka, na tulikuwa tunamwonea huruma. Na kaka yake alipolichukua lile sale akalitupa juu ya ua, ndipo mambo yakaharibika kabisa. Watu wakajiuliza ni kosa gani hilo zito, mpaka ndugu wa tumbo moja akatae sale? Wakaanza kuhisi mambo makubwa kuliko ardhi. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wazee hawakukaa tena. Wakae wafanye nini na mtuhumiwa ameshaungama kwa miguu yake?

Mke wake alimnyima neno muda mrefu. Chakula alimpa kimepoa, akakiweka mezani kwa kishindo. Halmashauri ya kigango ikamwita. Nilihadithiwa na mmoja aliyekuwemo.

"Katekista, umemkosea nini kaka yako?"

"Sijamkosea. Amenikosea yeye."

"Sasa kwa nini ubebe sale?"

"Kwa sababu Mungu alibeba."

"Kwani wewe ni Mungu?"

"Hapana," alisema. "Ndiyo maana mimi nachoka."

Wakamwacha aendelee kufundisha, lakini kuna wazazi walioanza kuwapeleka watoto wao kigango cha jirani. Naye kila mkesha wa Krismasi akakata sale. Kila mwaka likatupwa juu ya ua. Na msidhani alikwenda kama malaika. Mbuzi wa kaka yake wakivuka mfereji aliwapiga mawe, akitoa maneno ambayo katekisimu haina. Mwaka mmoja nilimkuta anarudi, uso umekunjamana, nikamwuliza vipi. "Leo nimelipeleka na hasira," alisema. "Lakini nimelipeleka."

Nilimgombeza. Nilimwambia, "Mwalimu, unajidhalilisha. Yule mzee anakucheka, na kijiji kinakucheka." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Lakini si wewe ndiye uliyeniuliza lilikatwa kwa nani?"

Nilitamani nikalimeze lile swali.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Desemba, mke wake akanipigia simu. Kiharusi. Nikaenda kumwona katika hospitali kubwa mjini, nikamkuta upande wa kulia umelala, ulimi umefungwa. Wakamrudisha Kilema, wakisema akae na watu wake. Nami nilipofunga cherehani kwa ajili ya sikukuu nikapanda, nikafika siku ya mkesha. Magari ya watoto wa watu yamejaa njiani, moshi wa nyama kila nyumba, na kwake kimya.

"Shikamoo, Mwalimu."

Jicho moja likacheka. Lakini mkono wa kushoto, ule uliobaki, ukaanza kuonyesha nje. Nikampa maji, akatikisa kichwa. Nikasogeza mto, akatikisa. Nikafungua dirisha zaidi. Mkono unaonyesha upande uleule.

"Anataka sale," mke wake alisema akiwa mlangoni. "Tangu asubuhi anataka sale. Na mimi silipeleki. Nipeleke sale kwa mtu aliyetuibia? Heri mnizike mimi kwanza." Aligeukia jikoni, na huko nikamsikia analia.

Basi nikatoka. Nikakata jani mpakani, upande wa Katekista, nikalifunga fundo kama nilivyomwona akifunga. Nilisikia aibu njiani, sitaki kudanganya. Watu waliniona. Mmoja akaniuliza kwa utani, "Na wewe umemkosea nani tena?" Nikaongeza mwendo.

Yule kaka alikuwa amekaa barazani peke yake, ingawa uani kwake wajukuu wamejaa. Amezeeka sana, magoti yamemwisha. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaliona jani.

"Nani kakutuma?"

"Katekista."

"Nasikia haongei. Kakutumaje?"

"Kwa mkono, Mzee."

Akatazama uani. Nilingoja alinyakue alitupe, ili nimalize nirudi. Badala yake akaanza kusema, polepole, bila kunitazama. "Angekuja na panga ningemjibu. Angekuja na wazee, ningebisha nao mpaka kesho. Hiki anachonifanyia nakijibuje? Nikilipokea hilo jani, nimesema nini mbele ya watu? Nimesema mimi ndiye." Akaonyesha kwa kidevu. Pale kwenye kile kipande, miche ya kahawa haipo tena. Kuna nyumba ya tofali, imefika kwenye linta, juu ya madirisha. "Mwanangu anajenga. Hajui kitu, anajua ni pa baba yake. Niibomoe? Nimwambie mimi baba yako ni mwizi, ondoa nyumba? Niambie, mama, wewe unakaa mjini. Nifanyeje?"

"Sijui, Mzee."

"Hata mimi sijui."

Tukakaa hivyo, hatujui wote wawili, na uani watoto wanafukuzana. Niliiona mikono yake. Mkono wa kulia ulinyanyuka kutoka gotini, ukaja nusu ya njia kuelekea lile jani. Ukasimama. Akaufuta kwenye suruali kama ulikuwa na uchafu, akaurudisha alipoutoa.

"Rudi nalo," alisema. "Mwambie mwaka huu sijalitupa."

Nilirudi. Mke wa Katekista akaona jani mkononi mwangu kabla sijafika mlangoni, akasema, "Si nilikuambia." Nikaingia chumbani. Katekista alikuwa ameinuliwa kwenye mito, macho yote kwenye mikono yangu. Nilitamani kumdanganya, Mungu anisamehe, lakini jani lilikuwepo.

"Hajalipokea, Mwalimu," nikasema. "Amesema mwaka huu hajalitupa."

Nikangoja avunjike moyo. Uso wake ukajikunja upande mmoja, nikadhani ndiyo analia, kumbe anacheka. Kile kicheko cha kwenye maganda ya kahawa, nusu ya mdomo. Halafu sauti ikamtoka, haina maneno, nyembamba, juu, juu mno. Alikuwa anaanzisha wimbo. Mke wake akaja akasimama nyuma yangu. "Amekumbuka tena," alinong'ona.

Akanyoosha mkono wa kushoto, nikampa jani lake. Akalishika kifuani kitambo. Kisha akalinyoosha kwangu.

"Niliweke wapi, Mwalimu? Dirishani?"

Akatikisa kichwa. Akalisogeza tena kwangu, karibu na kifua changu, ananitazama.

Nikaelewa kwamba sale ananiletea mimi. "Lakini hujanikosea kitu," nikasema. "Mimi hujanikosea kitu, Mwalimu. Sina… Mimi hata sijui kama…" Mimi niliyezaliwa nikiuliza sikuwa na hata swali. Nilitazama mlango, nikatazama dirisha, nikalitazama lile jani lenye fundo nililolifunga kwa mikono yangu mwenyewe, nikaona limegeuka linakuja kwangu na sina pa kujificha. Mkono ule ulikuwa umeanza kutetemeka kuanzia begani, lakini hakuushusha.

"Pokea, mwanangu," mke wake alisema nyuma yangu. "Mkono wake unachoka."

Nikapokea.